Kabla ya Kujenga Maduka ya Kupangisha: Kagua Ardhi, Piga Hesabu, Andika Mkataba

Ukisafiri kutoka Mtwapa hadi Malindi, au kutoka Mariakani hadi Kaloleni, utaona jambo moja likijirudia kando ya barabara: safu za maduka mapya. Mengine yamejaa bidhaa na wateja. Mengine milango yake ya chuma haijafunguliwa tangu fundi aondoke. Nyuma ya kila safu kuna mtu aliyeweka akiba yake hapo, iwe ni kiinua mgongo cha mwalimu, mkopo wa SACCO, pesa za chama au fedha zilizotumwa na mtoto anayefanya kazi nchi za Ghuba.

Jengo la biashara linaweza kumpa mwenyewe kipato cha kila mwezi kwa miaka mingi. Hata hivyo, wengi wanaoumia huumia mapema, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwa kununua ardhi yenye kasoro. Wengine huumia siku mpangaji anapoacha kulipa na hakuna kilichoandikwa.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo mkaazi anayeanza anapaswa kufuata. Tutatumia mfano wa kubuni: mwalimu aliyestaafu, mwenye shilingi 4,200,000, anayetaka kujenga maduka sita pembezoni mwa mji wa Mariakani.

Anza na biashara itakayofanyika pale

Nyumba ya kuishi hupata mpangaji kwa sababu watu wanahitaji pa kulala. Duka hupata mpangaji pale tu ambapo mfanyabiashara ameona wateja. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei ya ploti, uliza ni nani atakayenunua nini mahali hapo, na kwa miezi mingapi ya mwaka.

Miji yetu haifanani. Mariakani ina kituo cha kupima uzani wa malori, na madereva wanaosimama huhitaji chakula, vipuri na mahali pa kulala. Mji wa Kilifi una Chuo Kikuu cha Pwani, na biashara zinazotegemea wanafunzi hupungua chuo kinapofungwa. Malindi na Watamu hutegemea utalii, na msimu wa mvua za masika, kati ya Aprili na Juni, huwa mgumu kwa wengi.

Nenda mahali hapo siku tofauti na saa tofauti. Hesabu maduka yaliyofungwa, kisha waulize wapangaji wa jirani wanalipa kodi kiasi gani na duka la mwisho lilikaa tupu kwa muda gani. Majibu ya mama muuza nafaka aliye pale kila siku yana uzito kuliko maneno ya dalali.

Jihadhari pia na kutegemea mpangaji mmoja mkubwa. Nakumatt ilikuwa miongoni mwa maduka makubwa zaidi nchini, na wenye majengo waliifuata wakiamini kwamba palipo na Nakumatt pana wateja. Mnamo Januari 2020, wadai wake walipiga kura ya kuifunga. Kabla ya hapo, matawi yalikuwa yamefungwa moja baada ya jingine na wenye majengo wakabaki na kumbi tupu. Wapangaji sita wadogo wa biashara tofauti huenda wakakupa kazi zaidi ya usimamizi, lakini mmoja akiondoka, watano wamebaki.

Hatimiliki ni mwanzo wa uchunguzi

Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi, ule ambao wengi huuita “sachi”. Upekuzi huo huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki, zuio la mahakama au tahadhari iliyowekwa na mtu mwingine. Ufanye mwenyewe au kupitia wakili wako. Usikubali nakala unayoletewa na muuzaji.

Hatua ya pili ni kwenda na mpimaji ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mipaka na kulinganisha ploti na ramani ya usajili. Hakikisha jengo halitaingia kwenye hifadhi ya barabara, njia ya maji au ardhi ya umma. Upanuzi wa barabara kuu kutoka Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi umewakumbusha wengi kwamba nafasi iliyo wazi kando ya lami si lazima iwe ya anayeiuza. Pale ambapo ploti inapakana na barabara, iulize mamlaka inayosimamia barabara hiyo, iwe ni KeNHA, KURA, KeRRA au kaunti.

Hasara ya kupuuza hatua hii imeonekana. Mnamo 2018, majengo makubwa ya biashara jijini Nairobi yalibomolewa, yakiwemo South End Mall na Ukay Centre, ambayo serikali ilisema yalijengwa kwenye kingo za mito, na Taj Mall, iliyodaiwa kuwa kwenye hifadhi ya barabara. Wafanyabiashara waliopangisha humo walipoteza mahali pa kazi pamoja na wenye majengo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Nyali, Mombasa. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hatimiliki ya ardhi iliyonunua karibu na ufuo wa bahari. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilidai kuwa ardhi hiyo ilikuwa ya umma. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Aprili 2023 iliamua kwamba hati iliyotokana na ugavi usiofuata sheria haiwezi kulindwa, hata kama mwenye kuishika aliinunua kutoka kwa mtu mwingine. Kwa hivyo, mwombe wakili wako afuatilie historia ya ardhi tangu ilipogawiwa mara ya kwanza. Jina lililo kwenye hati leo halitoshi.

Kuna mambo mengine matatu ambayo mnunuzi wa Pwani hafai kuyasahau:

Kwanza, kuna utamaduni wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu anamiliki jengo na mwingine anamiliki ardhi iliyo chini yake. Ukiuziwa maduka kwa mpango huo, fahamu kwamba umenunua kuta na mabati. Bado utamlipa mwenye ardhi, na haki yako inategemea makubaliano naye.

Pili, ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Ombi hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano kufanywa. Bila idhini, mauzo hayana nguvu kisheria.

Tatu, mapatano ya kununua ardhi lazima yaandikwe, yatiwe saini na yashuhudiwe. Ardhi ikiwa ni mali ya ndoa, idhini ya mke au mume wa muuzaji inahitajika. Kwa kawaida mnunuzi hulipa amana ya asilimia 10 anapotia saini. Pesa hizo zipitie benki au kwa mawakili, kamwe zisitolewe taslimu mezani kwenye hoteli.

Ukinunua duka moja ndani ya jengo kubwa, uliza kama sehemu hiyo ina hati yake chini ya Sheria ya mwaka wa 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, na ni nani anayelipia paa, ngazi, ulinzi na usafi.

Kibali kabla ya kuchimba msingi

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna ujenzi unaoruhusiwa kuanza bila kibali cha kaunti. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Ploti iliyosajiliwa kwa kilimo au makaazi inahitaji kwanza kubadilishwa matumizi ili iwe ya biashara. Fika katika idara ya mipango ya ardhi uulize eneo hilo limetengewa nini. Ni bora kupata jibu hilo kabla ya kununua. Michoro itayarishwe na wataalamu waliosajiliwa, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na uliza kama unahitaji idhini ya NEMA.

Hakikisha pia kwamba ada za kila mwaka za ardhi, zile tunazoziita reti, zimelipwa. Cheti cha kuonyesha kuwa hakuna deni huhitajika wakati wa kuhamisha umiliki. Muuzaji akiwa na malimbikizo ya miaka kumi, yatajitokeza hapo. Malipo yote kwa kaunti yafanywe kupitia njia rasmi, na udai risiti.

Piga hesabu ya mwaka mzima

Turudi kwa mwalimu wetu. Ploti imemgharimu shilingi 1,200,000. Ujenzi wa maduka sita ni shilingi 2,700,000. Wakili, mpimaji, michoro, vibali, ushuru wa stempu, umeme na maji vimefika shilingi 300,000. Jumla ni shilingi 4,200,000. Ushuru wa stempu peke yake ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi iliyo ndani ya mji na asilimia 2 mashambani. Anayepanga bajeti kwa bei ya ploti pekee huishiwa na pesa kabla paa halijaezekwa.

Kila duka analipangisha kwa shilingi 8,000. Dalali alimwambia, “Mwalimu, hizo ni shilingi 576,000 kwa mwaka.” Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa hakuna duka litakalokaa tupu hata siku moja na hakuna kitakachoharibika. Tuseme kila duka litakaa tupu kwa miezi miwili kwa mwaka. Hapo anapoteza shilingi 96,000 na kubaki na 480,000. Ukarabati, mlinzi, bima na ada za kaunti zichukue shilingi 96,000 nyingine. Anabaki na 384,000 kabla ya ushuru. Hiyo ni takriban asilimia 9 ya pesa alizoweka.

Sasa tuseme alikuwa na takriban nusu tu ya pesa hizo, akakopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 15. Riba ya mwaka wa kwanza ni karibu shilingi 300,000. Anabaki na 84,000, na bado hajalipa mkopo wenyewe. Maduka yote yanaweza kuwa na wapangaji na mwalimu akawa anaongezea pesa za pensheni yake kila mwezi ili kulipa benki.

Haya ni makadirio ya mfano. Weka tarakimu za ploti yako na riba ya mkopeshaji wako. Ukiona kipato hakilipi mkopo hata maduka mawili yakiwa tupu, punguza mkopo, jenga maduka matatu kwanza, au subiri. Linganisha pia na kile ambacho pesa hizo zingeleta katika hatifungani za serikali au akiba ya SACCO, ambako hakuna paa la kuziba.

Mpangaji wa biashara analindwa na sheria

Hili ndilo jambo ambalo wenye maduka wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Tuseme mwalimu amempangisha mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa maneno tu, wakapeana mkono. Mwaka wa pili, kodi inachelewa. Miezi mitatu inapita bila malipo. Mwalimu ananunua kufuli na kufunga mlango usiku.

Kwa kufuli hiyo, mwalimu amejiweka pabaya. Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji ya Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, iliyoanza mwaka wa 1965, inasema kwamba upangaji wa duka ambao haukuandikwa ni upangaji unaolindwa. Vivyo hivyo upangaji ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au wenye kipengele kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka hiyo mitano kwa sababu nyingine isipokuwa kukiuka masharti.

Katika upangaji wa aina hiyo, mwenye jengo hawezi kumwondoa mpangaji, kupandisha kodi wala kubadilisha masharti kwa kumuumiza mpangaji bila kumpa notisi iliyo katika fomu iliyowekwa kisheria. Notisi hiyo haiwezi kuanza kutumika kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee, na lazima itaje sababu inayokubalika. Kutolipa kodi kwa miezi miwili ni mojawapo. Nia ya kweli ya mwenye jengo kubomoa na kujenga upya ni nyingine.

Mpangaji asiyekubali anaweza kwenda kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, linalojulikana kama BPRT, kabla ya notisi kuanza kutumika. Akifanya hivyo, notisi husimama hadi jopo liamue. Jopo linaweza kuamuru duka lifunguliwe na mwenye jengo alipe fidia. Hata kukamata bidhaa za mpangaji ili kufidia kodi, katika upangaji unaolindwa, kunahitaji ruhusa ya jopo, na kazi hiyo hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni.

Sheria hii haimnyimi mwenye jengo haki yake. Inamtaka afuate njia. Mwalimu angetoa notisi mwezi wa pili wa kutolipwa, akiwa na rekodi ya malipo ya M-Pesa au benki, angekuwa na kesi nzuri. Kwa kufunga mlango, yeye ndiye anayeshtakiwa.

Kwa sababu hiyo, wamiliki wengi huandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita, ambayo haina kipengele cha kuuvunja mapema bila kosa. Upangaji huo hauingii chini ya Sura ya 301, na pande zote mbili huongozwa na walichoandika. Mkataba unaozidi miaka miwili unapaswa kusajiliwa, na hulipiwa ushuru wa stempu.

Andika angalau haya: kodi ni kiasi gani na italipwa tarehe gani, itapanda lini na kwa kiwango gani, amana itarudishwa vipi, nani anatengeneza nini, nani analipa umeme, maji na takataka, na biashara gani inaruhusiwa. Kama umepokea pesa za kilemba, ziandikwe pia pamoja na kitakachofanyika mpangaji akiondoka. Pesa za kilemba zisizo na maandishi ni chanzo cha ugomvi.

Ushuru wa kodi ya maduka

Wengi wamesikia kuhusu ushuru wa asilimia 7.5 wa kodi ya nyumba. Kiwango hicho, kilichoanza kutumika Januari 2024, ni cha nyumba za kuishi, na hutozwa kwa kodi yote inayokusanywa ikiwa ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kodi ya maduka haiingii humo.

Mapato ya maduka hutangazwa katika ripoti ya kila mwaka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Unatozwa kwa faida baada ya kutoa gharama kama vile ukarabati, bima, reti na riba ya mkopo, mradi una risiti. Mapato yako yanayotozwa ushuru yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, utahitajika kujisajili kwa VAT na kutoza asilimia 16 juu ya kodi ya maduka. Mwenye maduka chini na nyumba juu anapaswa kuweka vitabu viwili, kwa kuwa mapato hayo mawili hutozwa tofauti.

Wenye mtaji mdogo

Si lazima uanze peke yako. Chama kinaweza kununua na kujenga, ila kisajiliwe na kiwe na mkataba unaosema kila mmoja ana hisa ngapi, nani anatia saini, na mwanachama akifariki au akitaka kuondoka afanyiwe nini. Ardhi ya chama iliyoandikwa kwa jina la mwenyekiti ni ardhi ya mwenyekiti mbele ya msajili.

Njia nyingine ni hazina za uwekezaji wa majengo, REIT, zinazosimamiwa chini ya leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hizi humwezesha mtu kununua sehemu ndogo ya majengo makubwa bila kusimamia wapangaji. Nazo zina hatari. Hazina ya Fahari iliuza vipande vyake kwa shilingi 20 mwaka wa 2015. Wawekezaji wadogo walipopewa nafasi ya kuuza mwaka wa 2023, bei ilikuwa shilingi 11.

Kwa mpangilio

Mkaazi anayefikiria kuanza mwaka huu anaweza kufuata mpangilio huu:

1. Chunguza biashara na kodi za eneo kwa wiki kadhaa.
2. Uliza idara ya mipango ya kaunti eneo limetengewa nini.
3. Fanya upekuzi rasmi, fuatilia historia ya hati, na upime mipaka.
4. Piga hesabu ukiweka miezi ya maduka kukaa tupu.
5. Andikiana na muuzaji kupitia wakili, kisha lipa.
6. Pata vibali vyote, ndipo uchimbe msingi.
7. Mpe mpangaji funguo baada ya kutia saini mkataba.

Hatua hizi huchukua miezi na zina gharama. Mwalimu wetu angezifuata, huenda angetumia shilingi elfu kadhaa kugundua kwamba ploti iko kwenye hifadhi ya barabara, akarudi nyumbani bila ploti na kiinua mgongo chake kikiwa bado benki. Hiyo pia ni faida.